Daftari Alilolishona Bwana Gundi

Jumanne, wiki ya kwanza ya mvua

Na viatu hakuvua. Andika hivyo hivyo, Sindano mjukuu wangu, usinipambie maneno. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ngazi zimejaa tope, naye kaingia na viatu vyake mpaka juu ya mkeka wangu kama anaingia sokoni. Anayekanyaga mkeka wako leo, kesho atakanyaga nini? Umeandika? Mbona taratibu hivyo? Mimi nikianza kusema sina breki.

Mama yako ndiye aliyesema kila siku nikupe maneno uyaandike, ukurasa mmoja, mkono wako uzoee. Shajara, mnaiita. Sawa. Mimi kusoma sijui. Shule nilikwenda siku moja tu, nikarudishwa nyumbani kumbeba mdogo wangu mgongoni, na mpaka leo mgongo huu haujasahau. Lakini kusema najua. Kwa hiyo tugawane kazi: mimi naongea, wewe unaandika, na usitie neno lako hata moja.

Basi andika: huyu mzee wa ghorofa ya juu simwamini.

Anakuja Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, saa nne. Anabeba kikapu cha nguo chafu, ila ndani hamna nguo, mna vitabu, kavifunika taulo visilowe. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, anashona kurasa, anatia jalada, miaka na miaka, mpaka mashine zikaja zikamwambia asante, nenda ukapumzike. Ananuka gundi, ndiyo maana namwita Bwana Gundi. Usicheke. Andika.

Anakufundisha bure. Mama yako anasema, "Mama, ni mtu mwema tu." Mwema tu! Hata paka hajisugui miguuni kwako bure. Mtu mzima, hana mke, hana mtoto, anashuka ngazi zote hizo kuja kumsomea hadithi mtoto wa watu, anataka nini? Mimi nakaa hapa hapa kwenye kochi na sindano zangu za kufuma, na macho yangu hayana likizo.

Jumatano

Mvua. Goti la kushoto. Basi.

Alhamisi

Leo kikapuni kulikuwa na santuri, na chombo cha kuipigia, kile kinachofunguka kama sanduku. Muziki wenyewe hauna mtu. Nikangoja, nikangoja, nikamuuliza, "Mwimbaji kachelewa?"

Akasema, "Hamna mwimbaji, Bi Mkubwa. Ni nyuzi tu."

Akatuambia tufumbe macho tutafute mvua imejificha wapi ndani ya ule muziki. Wewe ukafumba, mtiifu wee. Mimi nikafumba moja. La pili nikaliacha kazini. Na nikamwona! Hakufumba ya kwake. Alikuwa anaitazama saa ya marehemu babu yako pale ukutani. Aliitazama mpaka santuri ikaisha. Saa ile haitembei tangu babu yako aondoke, lakini ni ya shaba. Andika ni ya shaba.

Halafu lile birika. Juzi kakuambia uchore birika langu. Leo tena birika. Nikasema, Bwana, si alishalichora? Akajibu, "Juzi alichora birika analolijua. Leo achore analoliona." Umewahi kusikia maneno kama hayo? Birika ni birika.

Nasema haya kwa sababu tuna jambo zito mbele yetu. Unalijua, lakini andika, daftari halijui. Wewe una pumu. Kule shule ulianguka mara mbili, chaki ndani, moshi wa jalala dirishani, na mara ya pili midomo yako ilikuwa rangi ya majivu. Mimi ndiye niliyeitwa. Nilikubeba, na mgongo ukakumbuka kazi yake. Mama yako akakutoa. Wakubwa wa ofisi ya elimu wakasema haya, msomesheni nyumbani msimu huu wa mvua, mvua ikiisha tunamtuma afisa. Akiona hujui kitu, au hamna mwalimu wa kueleweka, unarudi kule kule kwenye chaki na moshi.

Na mwalimu tuliyenaye ndiye huyu. Anachoresha birika.

Ijumaa

Andika kwenye karatasi ya kando, utanakili daftari likirudi, maana daftari lenyewe bovu. Kurasa zinaachia kama meno yangu. Bwana Gundi alipokuwa anaondoka nikamkabidhi mwenyewe, nikamwambia, "Wewe si fundi? Lishone."

Sindano ukanishika nguo, "Bibi, lakini…" Lakini nini? Fundi wa viatu havai viatu vya watu. Fundi nguo haulizi gauni limetoka wapi. Ashone arudishe. Angalau tupate kitu kwake.

Jumamosi

Karudisha. Haya ninayosema yanaandikwa kwenye daftari lililoshonwa kwa uzi mweupe uliopakwa nta, na kaongeza kurasa mpya nyuma. Mkono anao, siwezi kukataa. Mwizi naye ana mkono.

Jumanne, wiki ya pili

Kavua viatu.

Kaviacha nje ya mlango, vimekaa pamoja kama vinasali. Mimi neno sikumwambia. Nimekuuliza wewe, "Umemwambia?" Umesema, "Sijamwambia hata neno moja, Bibi." Na uso wako ulikuwa safi. Mama yako naye hajui. Sasa nani kamwambia?

Jumatano

Nguo hazikauki. Mama yako anafua mashuka ya hospitali zamu nzima, akirudi anakuta na ya kwake yananuka unyevu. Kaniambia, "Mama, mwache yule mzee wa watu." Sijamgusa.

Alhamisi

Chai yangu anatia sukari vijiko vitatu. Vitatu! Huku anasema "kidogo tu." Nimevihesabu kwa macho. Nani kamlea ale sukari ya watu namna hiyo?

Kitabu cha leo ni cha msichana aliyefuga kobe. Kobe katoroka. Niulize kobe anatoroka vipi. Mtu anaweza kukaa akapika, akala, akaosha vyombo, ndipo akamfuata. Lakini huyo msichana alilala, akaamka kobe hayupo, akaanza kuuliza nyumba hadi nyumba. Bwana Gundi anasoma vizuri, sauti haina haraka. Alipofika msichana anagonga mlango wa tatu, akafunga kitabu! "Tutaendelea wiki ijayo." Nikajua huyu mtu ana roho mbaya.

Ijumaa

Kachukua daftari kuongeza kurasa, andika pembeni tena.

Jumanne, wiki ya tatu

Sindano, kaa karibu, andika kwa herufi ndogo.

Leo nimemsogezea sukari mwenyewe, makusudi, nione. Akainua mkono, akasema, "Hapana, Bi Mkubwa, siku hizi naacha sukari." Siku hizi! Tangu lini? Alhamisi kala vijiko vitatu.

Kwanza viatu. Sasa sukari. Ninachokisema humu ndani kinapanda ngazi. Nimekagua ukuta wa jikoni, nimekagua bomba la maji linalopanda kwake, nimeweka sikio. Nimesikia maji tu. Mama yako kanikuta nimekumbatia bomba akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia nasikiliza muziki usio na mtu.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo zangu nimezikung'uta zote, simwoni.

Alhamisi

Leo eti uchore mikono yangu. Ya nini? Mikono ya mtu ina mambo yake. Nikakataa. Akasema, "Basi achore sindano zinavyofuma, mikono ikitokea itokee." Ukachora. Nikautazama ule ukurasa wa daftari. Ulitia mpaka kile kidole changu kilichopinda, nilichobanwa na mlango siku mama yako alipozaliwa. Sikujua kama unakiona. Nililiweka birika jikoni kwa kishindo, basi.

Kobe hajapatikana.

Ijumaa

Kampa mtoto mwenye pumu filimbi. Nimeishiwa maneno. Andika kwamba nimeishiwa maneno, tarehe itiwe, maana haijawahi kutokea.

Jumamosi

Nimeyapata. Filimbi! Kifua chenyewe cha kuazima, halafu upulize? Mama yako anasema daktari wa kliniki karuhusu, pole pole, inafundisha pumzi kutoka kwa mpango. Daktari yupi? Simjui. Huyu mzee hataki ufaulu. Anakuchoresha birika, anakufumbisha macho, anakupulizisha, ili afisa akija akukute hujui moja wala mbili. Halafu? Halafu sijui. Ndicho kinachonikosesha usingizi, sijui anapata nini.

Jumatatu, wiki ya nne

Nyumba nzima inanuka gundi. Mvua imefunga madirisha, harufu haitoki. Nimetafuta dawa. Ipo ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya kijani, iliyojizungusha kama nyoka aliyelala. Ile inaua harufu zote. Kesho kabla hajaingia nitaiwasha niisukume chini ya kochi anapokaa yeye. Kama ni mbu ataondoka, kama ni mtu ataondoka.

Nini? "Bibi, lakini." Lakini zako peleka huko. Tulikubaliana, wewe unaandika tu.

Jumanne

Andika kama mkono unaweza. Ukichoka pumzika.

Alikuja saa nne. Alivua viatu. Alisoma kobe, msichana kafika mlango wa sita, wenye nyumba wanamcheka. Halafu akasema tupige filimbi ule wimbo mfupi wa noti tano. Ukapuliza. Noti ya kwanza nzuri, ya pili nzuri. Ya tatu haikutoka. Nikadhani unatania. Nikaona mabega yako yanapanda juu, yanapanda, hayashuki, na filimbi ikaanguka ikabingirika mpaka miguuni kwangu.

Mimi nilipiga kelele. Yeye hakupiga. Alikuinua akakuketisha, akakuinamisha kidogo mbele, akatoa kipampu chako cha pumu mfukoni mwa sketi kama anajua kilipo, akakuwekea mdomoni. Alifungua dirisha mvua ikaingia mpaka kwenye vitabu vyake. "Toa pumzi pole pole, kama noti ndefu. Tena. Tena." Midomo yako ilikuwa rangi ile ile. Nimeiona mara mbili maishani, sitaki ya tatu.

Ukapumua.

Hapo ndipo nilipomgeukia. Nilimwambia nini? Usiandike yote. Basi andika. Nilimwambia kamleta muuaji ndani ya kikapu cha nguo. Nilimwambia mtu asiyezaa asicheze na vya waliozaa. Nilimwambia atoke, na asikanyage tena mlango huu mpaka mimi mwenyewe nimwite kwa mdomo wangu, na mdomo wangu hautamwita.

Akapiga magoti, ndiyo, na umri wake ule, akaingiza mkono chini ya kochi, akaokota kitu, akakifunga kwenye leso yake, akakitia mfukoni. Akasema, "Nakuelewa, Bi Mkubwa." Akaondoka. Vitabu vilivyolowa kavichukua. Viatu alivaa ngazini.

Kaokota nini? Sasa nimemshika. Aliiba mbele ya macho yangu!

Jumatano

Nimehesabu kila kitu. Pete ipo. Mkasi upo. Saa ipo. Kijiko cha marehemu kipo. Kaiba nini?

Ijumaa

Hajaja.

Jumanne, wiki ya tano

Hajaja. Umekaa mbele ya birika na karatasi, huchori. Mama yako kajaribu kukufundisha hesabu, kasinzia juu ya kitabu na sabuni bado iko kwenye nywele zake.

Alhamisi

Barua ya ofisi. Mama yako kaisoma kasimama. Afisa anakuja Alhamisi ijayo, saa nne. Aone daftari za mtoto, kazi zake, na mwalimu wake, mwenyewe, ana kwa ana.

Mama yako hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema, "Kwa hiyo atarudi kule," basi. Siku hizi Sindano anaandika lakini hanitazami. Andika na hilo.

Jumapili

Hii ya leo ni ndefu.

Nilikuwa na mpango. Nikasema nitamweleza afisa: mwalimu alikuwepo, tumemfukuza kwa wizi. Hapo atatuhurumia. Ila lazima kuwe na ushahidi, na ushahidi si upo humu daftarini? Nikakuambia, "Nisomee ile siku alipookota kitu. Anza siku moja nyuma, ili ikae sawa."

Ukafungua. Ukasoma Jumatatu.

"Nyumba nzima inanuka gundi."

Unasoma vizuri. Sauti haina haraka. Sikuwa nimekusikia ukisoma maneno yangu. Ukasoma dawa ya mbu. Ukasoma nyoka aliyelala. Ukasoma chini ya kochi. Halafu ukasimama.

Nikasema endelea. Ukasema, "Nimefika, Bibi."

Mimi ni mtu mzima. Sikuhitaji kutafsiriwa. Niliinama chini ya kochi, goti likalia, nikaona alama nyeusi ya kuungua sakafuni, mviringo, ndogo. Majivu hayakuwepo. Ndicho alichokiokota. Alikuta moshi wangu unakuua, akaufunga kwenye leso yake akaondoka nao, na matusi yangu juu, mama yako asijue.

"Ulijua?" nikakuuliza.

"Niliandika, Bibi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nisitie neno langu."

Eh. Haya.

Nikanyamaza, na wewe unajua mimi kunyamaza ni ugonjwa. Kupitisha muda nikautazama ukurasa. Una vialama vyekundu huku na huku, kama mtoto katiwa dawa ya tetekuwanga. Siku zote naviona, nilidhani ndivyo daftari zilivyo. Nikakuuliza hivi vyekundu nini. Ukainama.

"Makosa yangu. Bwana Gundi anasahihisha."

"Anasahihisha vipi bila kusoma?"

"Anasoma, Bibi. Kila Ijumaa. Si unampa wewe mwenyewe?"

Mwanangu, ardhi haikupasuka kwa sababu tunakaa ghorofani. Viatu. Sukari. Mwizi naye ana mkono. Yote! Nimekumbatia bomba la maji wakati mdomo wenyewe naushonesha kwa uzi wa nta na kuupeleka juu kila wiki kwa mikono yangu miwili. Kumbe, ukaniambia, hata hili la shajara alilibuni yeye, mama yako alikubali tu. Nikacheka mpaka nikalia, au nilianza na kulia, sikumbuki.

Mama yako aliporudi nilimwambia habari ya moshi. Yote. Akaenda akaichukua ile paketi ya dawa ya mbu akaitupa, akarudi akanifunga kitambaa goti.

Jumatatu, wiki ya sita

Nimepanda. Ngazi sitini na nne. Ulinishika mkono, nikakuacha nje ya mlango, kwa hiyo haya hukuyasikia, yaandike sasa.

Chumba chake ni kimoja. Nilidhani nitakuta vitu vya watu. Nimekuta kitanda, meza, mashine ya mbao ya kubania vitabu, na vile vitabu vya siku ile vimetundikwa kwenye kamba kama soksi, vinakauka. Kobe alikuwa wa tatu kutoka dirishani, kavimba.

Nikasema, "Ule moshi ulikuwa wangu."

Akasema, "Keti, Bi Mkubwa, umepanda nyingi."

"Unaujua."

"Naujua."

"Na mengine yote umeyasoma."

"Mpaka paka asiyejisugua bure." Akacheka kidogo, si cha dharau. "Miaka arobaini nimeshona maneno ya watu, hakuna hata mmoja aliyenitaja ndani. Wewe umenitaja kila ukurasa."

Nikamuuliza ile saa, uliitazamia nini? Akasema, "Imesimama saa nne. Nikasema nitakuwa nakuja saa nne. Mahali pamoja duniani nisipoweza kuchelewa."

Sasa mtu kama huyo unamfanya nini?

Nikamwomba afanye jambo moja: azitoe zile kurasa za matusi, afisa asizione. Wembe si anao? Nikamwekea daftari mezani. Akalifungua katikati, akanionyesha uzi. "Tazama. Karatasi ni moja, imekunjwa. Upande huu kuna neno 'mwizi'. Upande wake wa pili, kurasa nyingi mbele, kuna mikono yako aliyochora na maneno yake. Nikiukata huu, ule unaachia, unadondoka. Mkunjo wote unalegea." Akanisogezea wembe. "Daftari lenu. Sema wewe."

Nilikaa nao mkononi. Bila haya maandishi huna cha kumwonyesha afisa. Pamoja nayo, watu wote watajua bibi yako ni mtu wa namna gani.

Nikaurudisha wembe mezani. Usinishukuru, kwanza hujui kama tutashinda.

Nikasema, "Alhamisi utakuja?" Akaitazama ile kamba ya vitabu. Akasema mlango ule una sharti, asiukanyage mpaka aitwe. Nikasema basi si ndiyo nimekuja. Akasema, "Nitafikiri." Ana haki. Nikafika mlangoni, nikageuka, nikamuuliza, yule kobe alirudi?

Akasema, "Mwisho wake umelowa, Bi Mkubwa. Nangoja ukauke."

Nakuambia ana roho mbaya.

Jumatano

Mvua kidogo, ya kuaga. Tumepiga deki. Nimetandika mkeka.

Alhamisi

Haya, Sindano, andika, Mama Afisa anatazama. Yuko hapa, mbele yangu, ana mkoba mweusi na miwani mizito. Kalisoma daftari zima, kimya, nusu saa, mimi jasho linanitoka. Ukurasa mmoja ulimtingisha mabega, sijui ni wa bomba au wa nini. Halafu kavua miwani, kasema, "Hati ni ya kitoto, lakini nitajuaje si mama mtu aliyeandika akamwambia mtoto anakili?"

Anashuku! Nimempenda hapo hapo.

Nikamwambia, kata mzizi wa fitina. Mimi niseme, mtoto aandike, wewe utazame mkono. Ndivyo tunavyofanya sasa hivi. Mama Afisa, usinisogelee sana, nikishtuka nasema mengi.

Niseme nini? Mama yake kaomba ruhusa kazini, yuko jikoni anajifanya anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Ukutani kuna mabirika kumi na moja. Mama Afisa kaulizia kwa nini birika tu. Mtoto kamjibu, si mimi, kamjibu mwenyewe, "La kwanza nililijua. La mwisho nililiona. Tazama mfuniko, una kovu." Kweli una kovu, nalitumia miaka ishirini sikulijua. Kapiga na filimbi. Noti tano, zote tano zimetoka. Dirisha liko wazi.

Na Mama Afisa kauliza swali moja la mwisho, lile la kwenye barua. Nani mwalimu, na yuko wapi? Kasema bila mwalimu ana kwa ana hawezi kutia sahihi. Kaitazama saa ya mkononi. Anasema ni saa tano kasoro. Mimi nikamwonyesha ya ukutani. Kwa hii yetu ni saa nne, bado, hakuna aliyechelewa.

Kaitazama. Kanitazama mimi. Simsomi usoni, na kuandika anachoandika ndiyo kabisa sisomi. Anaandika mstari, anasimama. Mama yako kafunga bomba. Andika kwamba kafunga bomba, kimya kimekuja, na ngazini kuna… nyamazeni.

Kuna mtu anaweka viatu chini. Kimoja. Na cha pili.

"Hodi."

Umemsikia? Asisimame mtu, kaeni! Sharti ni mdomo wangu. Nipe mkono, Sindano, weka kalamu chini. Naenda kumfungulia.